Mashuka ya Zahanati na Sabuni ya Mama

Nyumbani kwetu siku huanza na kelele za mabeseni. Jua likichomoza, mke wangu ameshapanga matatu uani: la kuloweka, la kufua na la kusuuza. Majirani wanamwita Mama Pacha, kwa sababu tuna mapacha wa kike wa miaka sita. Yeye ni dobi. Anafua mashuka na taulo za zahanati ya uzazi iliyo mtaa wa nyuma. Mimi ni seremala, na karakana yangu iko uani hapo hapo. Kwa hiyo kila kitu nakiona na kila neno nalisikia, hata yale ambayo ningependa yanipite.

Mara nyingi huacha randa mezani nikamtazama akifua. Hana papara. Kwanza hukung'uta shuka, kisha hulipitisha mikononi na kutafuta doa kwa vidole. Doa la damu hulianza kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto huligandisha. Husugua pale penye doa, asilichoshe shuka lote bure. Nimefanya kazi na mafundi wengi, lakini wenye mikono kama ile ni wachache.

Nyumba yetu ina fundi mwingine, naye ni mama yangu mzazi. Mtaa mzima unamwita Bibi Sabuni. Anatengeneza sabuni za mche kwa mafuta, maji na ile soda kali inayochoma ngozi. Siku ya kutengeneza, hakuna mtoto anayeruhusiwa kukanyaga uani. Mama huvaa glavu nene, gauni la mikono mirefu na miwani yangu ya karakana. Humimina soda kwenye maji, polepole. Kamwe hamimini maji kwenye soda.

"Ukigeuza, inakurukia usoni," hutuambia kila mara, kana kwamba ndiyo kwanza tunasikia.

Sabuni ikiganda huikata vipande. Huvipanga kwenye rafu niliyomtengenezea, akaviacha majuma manne mpaka ukali uishe. Ukimwomba kipande kabla ya wakati, atakuuliza kama umechoka na ngozi yako. Baba alipofariki, mama alitulea kwa sabuni hiyo mimi na dada zangu. Aliiuza nyumba kwa nyumba, na miguu ikivimba aliikanda usiku, asubuhi akatoka tena. Mpaka leo nikisikia harufu yake tu, najisikia niko salama.

Basi utaelewa kwa nini hakuna mtu nyumbani kwetu aliyethubutu kuisema vibaya.

Kiangazi hiki mvua ilikatika mapema. Tangi letu la maji ya paa lilibaki na maji kidogo chini. Tukaanza kuchota kwenye kisima kipya cha pampu, mwisho wa mtaa. Maji yalikuwa mengi na safi kwa macho. Tulishukuru, tukaendelea na maisha.

Baada ya majuma kadhaa, mashuka ya zahanati yakaanza kupoteza weupe. Yalikuwa na rangi ya majivu. Yalikauka yakawa magumu, ukilikunja shuka linakataa. Mama Pacha alifua, akarudia, akarudia tena. Wapi!

Jumatatu moja alipeleka mzigo zahanati. Aliyepokea alikuwa Mkunga Mkuu, mama mmoja mpole ambaye hasemi neno mara mbili. Alilifunua shuka la juu, akalipitisha shavuni mwake.

"Mama Pacha, hili ni jeupe?"

"Nimelifua mara mbili, dada."

"Sijasema hujafua. Nasema halijatakata. Tena linakwaruza. Na hizi taulo hazinyonyi maji, yanateleza tu juu yake. Mtoto aliyezaliwa leo nimlaze hapa?"

Mke wangu alianza kulikunja shuka lile upya.

"Nakupa mpaka Ijumaa," Mkunga Mkuu alisema. "Usinielewe vibaya. Kazi yako naijua. Lakini yakirudi hivi, itabidi nitafute dobi mwingine."

Mama Pacha alirudi na mzigo ule ule kichwani, akanisimulia yote uani. Kazi ya zahanati ndiyo inayotubeba miezi ambayo hakuna mtu anayetaka kabati wala mlango. Lakini nilimjua mke wangu. Kilichomuuma zaidi ni kuambiwa, baada ya miaka saba, kwamba shuka lake halijatakata.

Mama aliyasikia yote akiwa kwenye kigoda chake. Akatoa hukumu papo hapo.

"Tazama beseni lako. Povu liko wapi? Ongeza sabuni, mkwe wangu. Na usugue. Hilo ni shuka, halihitaji kubembelezwa."

"Nasugua, mama."

"Unapapasa."

Mama Pacha aliuma midomo. Aliongeza kipande kizima cha sabuni. Povu lilikuja kidogo, likazama. Juu ya maji ukabaki utando kama malai ya maziwa yaliyolala. Mashuka yalipokauka yalikuwa na majivu zaidi kuliko asubuhi.

Jioni alinifuata karakana, akanong'ona. "Baba Pacha, nimenunua sabuni ya unga ya dukani."

"Mama anajua?"

"Angejua, ningenong'ona?"

"Umeiweka wapi?"

"Jikoni, rafu ya juu. Nimeimimina kwenye lile kopo la zamani la chumvi. Pakiti nimeitupa mbali."

Nami, mwanamume mzima mwenye ndevu, nikasema "sawa" na kuendelea kupiga randa. Kati ya mama na mke, ujasiri wangu hujificha chini ya meza.

Jumanne, mama alipojilaza mchana, Mama Pacha alichota unga ule kwa kiganja. Hakupima. Maelezo ya kipimo yalikuwa kwenye pakiti, na pakiti ilikuwa imeshatupwa. Alitia viganja viwili vikubwa, juu ya sabuni ya mama iliyokuwa tayari kwenye beseni. Povu likajaa mpaka likamwagika. Alifurahi sana. Alifulia mashuka, akafulia na magauni ya mapacha humo humo. Alisuuza mara moja, kwa haraka, kabla mama hajaamka.

Mashuka yalibaki na majivu yake. Jumatano asubuhi mapacha waliamka wakijikuna shingo.

Jumatano hiyo hiyo mama aliingia jikoni kupika maharage. Mikono ilikuwa kwenye sufuria, macho yalikuwa dirishani, na mdomo ulikuwa unawakemea mapacha wasichezee misumari yangu. Akapapasa rafu ya juu, akashika kopo la chumvi, akatia vijiko viwili, akakoroga.

Nilisikia ukelele. Nilikimbia na patasi mkononi, nikidhani ni nyoka.

Sufuria ilikuwa inatoa povu. Povu jeupe lilipanda, likashuka pembeni, likazima moto. Jiko zima lilinukia maua. Mama alisimama na mwiko juu, kama askari aliyeishiwa risasi.

"Maharage haya yana nini?"

Mama Pacha alikuwa ameshafika mlangoni. Alilitazama kopo, akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

"Ni sabuni, mama," alisema. "Nimeinunua dukani. Nikaificha."

Mama aliweka mwiko chini. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha kuliko kelele.

"Kwa hiyo sabuni yangu imekuwa ya kufichiwa," alisema. "Mngeniambia. Mimi si mtoto." Kisha akanigeukia. "Na wewe ulijua."

Nilitamani sakafu ifunguke. Chakula tulikimwaga chote shimoni, na mapacha walikula mkate. Hakuna aliyeumia, lakini mpaka leo nikikumbuka kwamba wangeweza kukila, najuta ule ukimya wangu.

Wakati bado tumenuniana, mlango wa ua uligongwa. Alikuwa jirani yetu wa chumba cha pili, dada mmoja tunayemwita Mpima Maji. Kazi yake ni kuzunguka na kisanduku cha chupa, kupima maji ya visima. Alikuwa amefuata stuli yake niliyomtengenezea.

"Hodi! Mbona kunanukia kama sherehe?"

Mapacha walimweleza yote kabla sisi hatujafungua mdomo. Alicheka mpaka akakalia stuli yake mpya. Kisha macho yake yakaenda kwenye kamba ya nguo. Alisimama, akashika shuka moja, akalisugua kati ya vidole.

"Mama Pacha, maji mnachota wapi siku hizi?"

"Kisima cha pampu."

"Na mashuka yalianza kuwa hivi lini?"

Mke wangu alihesabu kwa vidole. "Tangu tuanze kuchota huko," alisema taratibu.

"Naomba chupa tatu zinazoonyesha ndani," Mpima Maji alisema. "Na kipande cha sabuni ya mama. Na hiyo chumvi yenu."

Mama hakucheka, lakini alisogeza kigoda karibu.

Chupa ya kwanza tulitia maji ya mvua yaliyobaki chini ya tangi. Ya pili na ya tatu tulitia maji ya kisima, kiasi kile kile. Mpima Maji alikwangua sabuni ya mama, akatia kijiko kimoja cha chai kwenye chupa ya kwanza na kimoja kwenye ya pili. Kwenye ya tatu alitia kijiko kama hicho cha sabuni ya dukani. Akataka kuanza kutikisa.

"Lete hapa," mama alisema. "Nitatikisa mwenyewe. Mikono ya watu siijui."

Alitikisa kila chupa mara ishirini, akihesabu kwa sauti. Kisha akazipanga ukutani.

Chupa ya kwanza, ya maji ya mvua na sabuni yake, ilijaa povu zito mpaka shingoni. Chupa ya pili, ya maji ya kisima na sabuni ile ile, haikuwa na povu. Maji yalikuwa kama maziwa yaliyoganda, na vipande vidogo vilielea ndani. Chupa ya tatu, ya maji ya kisima na sabuni ya dukani, ilikuwa na povu, na haikuwa na vipande.

Mama alizitazama moja moja. Nilingoja akasirike. Badala yake alizimwaga zote, akaziosha, akasema, "Tena."

Alirudia mara tatu. Mara zote majibu yalikuwa yale yale. Mama hajakaa darasani hata siku moja, na sijawahi kumwona mtu akitafuta ukweli namna ile. Nilijisikia fahari.

"Haya, nieleze," alimwambia Mpima Maji. "Polepole."

"Maji ya mvua yanatoka juu, mama, hayana madini. Ya kisima yamepita kwenye mawe chini ya ardhi, yakabeba chokaa. Tunayaita maji magumu. Kuyanywa hayana shida, niliyapima mwenyewe. Lakini sabuni ya mche ikikutana na chokaa, vinashikana na kuwa utando. Utando hauyeyuki. Unaganda kwenye kitambaa. Ndiyo hayo majivu, na ndiyo maana taulo haziyanyonyi maji."

"Na ukiongeza sabuni?"

"Unaongeza utando."

Mama alimtazama mkwe wake, akainamisha macho.

"Sabuni nyingi za unga za dukani zimetengenezwa kwa njia nyingine," Mpima Maji aliendelea. "Hazishikani na chokaa hivyo."

"Kwa hiyo sabuni yangu mbovu."

"Nani kasema? Itazame chupa ya kwanza. Kwa maji ya mvua sabuni yako haina mpinzani. Wewe hujabadilika, maji ndiyo yamebadilika."

Mama alifikiri. Kisha akauliza swali ambalo lilimfanya Mpima Maji akae vizuri. "Na nikiikamata hiyo chokaa kabla ya kutia sabuni? Nikitia magadi ya kufulia kwanza?"

"Nani amekufundisha hilo?"

"Hakuna. Nauliza."

"Basi umeuliza kama mtaalamu. Magadi ya kufulia huikamata chokaa, maji yakalainika. Tia kwanza magadi, koroga, ngoja kidogo, ndipo utie sabuni. Kwa nguo za nyumbani inatosha. Lakini mashuka ya zahanati ni mengi, na yanahitaji kusuuzika upesi. Hayo fueni kwa sabuni ya unga."

"Viganja viwili?" Mama Pacha aliuliza.

"Dada! Ndiyo maana watoto wanajikuna. Soma pakiti, tumia kipimo chake. Povu jingi halimaanishi nguo safi. Sabuni isiyosuuzwa inabaki kwenye kitambaa na kuwasha ngozi. Suuza mpaka maji yatoke yalivyoingia. Tena, sabuni ikae kwenye pakiti yake, juu, mbali na chakula. Na mkitumia dawa ya klorini kwenye nguo nyeupe, msiichanganye na siki wala dawa ya choo. Inatoa hewa ya sumu."

"Na haya yaliyoharibika?" Mama Pacha alionyesha kamba. "Ijumaa ni keshokutwa."

"Hayajaharibika. Yamevaa utando tu. Yavueni."

Mpima Maji aliondoka na stuli yake. Hakutaka hata kikombe cha chai, akasema anaogopa chumvi yetu.

Tukabaki watatu uani. Mama ndiye aliyeanza.

"Nilisema unapapasa."

"Ulisema, mama."

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Muongo. Umehesabu."

"Kumi na moja," mke wangu alisema, na wote wawili wakaangua kicheko. Kisha mke wangu akaacha kucheka. "Nisamehe, mama. Sikutaka kukuvunja moyo. Kwa sabuni ile ulimlea mume wangu."

"Ndiyo, na tazama alivyotoka muoga," mama alisema. Alikuwa na haki.

Alhamisi tuliamka mapema kuliko siku zote. Mimi nilifunga karakana, nikawa mchota maji na mchochea moto. Mama Pacha alipasha maji, akatia magadi ya kufulia na sabuni ya unga mpya, kwa kipimo cha pakiti. Aliyazamisha mashuka, akayafunika kwa ubao. Tulingoja kwa saa nne. Mama alikuwa akifunua ubao kila baada ya muda, kama anayechungulia keki.

Tulipoyatoa, maji yalikuwa ya kijivu na mazito. Ulikuwa utando wa majuma yote yale. Mama aliyatazama maji hayo kwa muda mrefu.

Mke wangu alifua, akasuuza mara moja, mbili, tatu. Mama alikaa upande wa pili wa beseni, wakakamua pamoja, kila mmoja ameshika ncha yake. Mashuka yalipanda kambani moja baada ya jingine. Upepo ulipoyashika, yalicheza. Tangu kiangazi kianze hayakuwahi kucheza. Nilisimama na ndoo mkononi, nikahisi machozi, nikasingizia moshi.

Magauni ya mapacha yalisuuzwa upya siku hiyo hiyo. Siku chache baadaye kujikuna kuliisha. Sasa sabuni ya mama inafulia nguo zetu, kwa maji yaliyotiwa magadi, na mvua zikirudi haitahitaji hata hayo magadi. Mama ameshaanza kuwaeleza wateja wake wote jambo hilo. Kabla ya kukuuzia kipande, anakuuliza maji yako unachota wapi.

Lakini nataka kukuambia ya Ijumaa.

Mama aling'ang'ania kwenda zahanati. Tulimwambia miguu itavimba, akasema miguu ni yake. Nilibeba mzigo mmoja, Mama Pacha akabeba mwingine, naye akatembea mbele yetu.

Mkunga Mkuu alilifunua shuka la juu. Alilipitisha shavuni. Alilinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akaligeuza upande wa pili. Kisha akachukua taulo, akamwagia maji kidogo kutoka kwenye kikombe. Maji yakanywewa mara moja.

"Hii ndiyo kazi ninayoijua," alisema, akimtazama mke wangu. "Siku zile kulitokea nini?"

Mama Pacha alisita. Nilijua angeibeba lawama yote yeye mwenyewe. Hakupata nafasi.

"Nilimshikia bango," mama alisema. "Maji yalibadilika, mimi nikataka sabuni isibadilike. Mashuka yale niliyachafua mimi. Haya amefua yeye."

Muuguzi mmoja aliacha kukunja mashuka. Mama yangu, Bibi Sabuni, ambaye sijawahi kumsikia akikiri hata kosa la chumvi, alisimama wima katikati ya chumba cha watu asiowajua.

Mkunga Mkuu alimtazama toka kichwani hadi miguuni, kwa heshima. "Samahani, mama. Wewe ni nani?"

"Mimi?" Mama aliinama, akachukua beseni la mashuka machafu yaliyokuwa yanasubiri mlangoni, akalipachika kiunoni. "Mimi ni msaidizi wake."